Pole na Kazi: Niliyojifunza kwa Wakulima wa Mlo wa Shukrani

Mlo wangu wa kwanza wa Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha kila Alhamisi ya nne ya Novemba, niliula tarehe 23 Novemba 2017, mashariki mwa jimbo la North Carolina, miezi mitatu tangu mimi na mume wangu tuingie Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Wazee wawili wa kanisa tulilokuwa tukisali, mke na mume, walitualika kwao kwa sababu, kama alivyoeleza yule mama, siku hiyo haimfai mtu kula peke yake. Mezani palikuwa na bata mzinga mzima aliyeokwa hadi ngozi ikageuka rangi ya kahawia, mikate midogo, njegere, mchuzi wa matunda mekundu machachu yaitwayo kranberi, pai ya maboga, na bakuli pana la viazi vitamu vilivyopondwa, vikatiwa siagi na sukari, kisha vikafunikwa kwa peremende nyeupe laini kama pamba, ambazo zilikuwa zimeyeyuka na kuungua kidogo kwa juu. Kabla ya kula, kila mmoja alitakiwa kutaja jambo moja analolishukuru. Alishukuriwa Mungu, wakashukuriwa wazazi, daktari mmoja, na mpishi. Mimi niliushukuru ukarimu wa wenyeji wetu, nikakaa nikidhani nimemaliza.

Kesho yake asubuhi, ambapo kwetu Gairo ilikuwa alasiri, nilimpigia simu mama yangu. Mama amelima viazi vitamu maisha yake yote, na yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Morogoro na Dodoma ameviona viazi vya Gairo vikiwa vimepangwa kando ya barabara. Nilipomsimulia habari ya sukari na peremende alicheka hadi akakohoa. "Kiazi kitamu mnakitia sukari? Kwani cha huko ni kichungu?" Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa: "Na aliyevilima ni nani?" Nilimjibu kwamba vilinunuliwa dukani. "Duka halilimi, mwanangu," alisema, tukahamia habari za ndugu.

Swali lile lilinichoma kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuuliziwa. Nilipokuwa mtoto, wachuuzi waliokuja na malori walinunua viazi vya mama kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba cha viazi juu na kushonewa kamba, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja, ingawa sheria ya vipimo inaikataza hesabu ya namna hiyo. Nilijua tangu zamani kwamba mlaji wa Dar es Salaam aliyevichemsha viazi vile kwa futari au kwa chai ya asubuhi hakumjua mama wala lumbesa yake. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mlaji, nami nilikuwa nimejipakulia mara mbili na kumshukuru mwenye sahani peke yake.

Nilipoanza kulitafuta jibu niligundua kwamba hata jina la chakula chenyewe lilikuwa limepotea njiani. Katika maduka mengi ya Marekani, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa huandikwa kwa jina la viazi vikuu. Kiazi kikuu halisi ni mmea wa ukoo mwingine kabisa, na jina lake la Kiingereza, yam, lina asili ya lugha za Afrika Magharibi. Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wakikikosa kiazi kikuu walichokizoea, walilihamishia jina lake kwenye kiazi walichokikuta, na wafanyabiashara wa karne ya 20 wakalishikilia kwa sababu liliuza. Kwa hiyo juu ya meza ile ya shukrani kulikuwa na neno la wakulima wa zamani sana, ambao hawakulipwa chochote, na hakuna aliyelitamka akiwakumbuka.

Mwezi Januari 2018 nilipata kazi katika ghala la kuchambua na kufungasha viazi vitamu katika Kaunti ya Sampson. North Carolina imeongoza Marekani yote kwa zao hili tangu mwaka 1971, na aina iliyotawala mashamba ya eneo lile ni Covington, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina mwaka 2005. Niliingia pale kwa majivuno kidogo, nikijiona mtoto wa viazi niliyerudi kwenye viazi, na majivuno hayo hayakumaliza wiki. Kwetu, kiazi kikichimbwa huliwa au huuzwa ndani ya siku chache, na anayetaka kukihifadhi hukikata vipande na kukianika kuwa michembe. Kule, viazi vikitoka shambani hupelekwa kwanza kwenye chumba chenye joto la nyuzi 29 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85 hadi 90, vikakaa humo siku kadhaa ili michubuko yote ijifunge yenyewe kwa ngozi mpya, ndipo joto hushushwa hadi kati ya nyuzi 13 na 15. Vikitunzwa hivyo huweza kukaa karibu mwaka mzima. Joto likishuka chini ya nyuzi 10, kiazi huumia kwa ndani na kubaki kigumu hata ukikichemsha mchana kutwa. Wanga nao huendelea kugeuka sukari kadiri kinavyokaa, kiasi kwamba kiazi cha ghalani ni kitamu kuliko kilichochimbwa jana, jambo lililomfurahisha mama nilipomwambia, kwa kuwa lilithibitisha kwamba sukari ya yule mama mwenyeji ilikuwa ya bure kabisa.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mkanda na kuvitenga viazi kwa mikono, vya daraja la kwanza upande mmoja, vidogo na vilivyopinda vya kwenda viwandani upande mwingine, na vile vikubwa kupita kiasi peke yake. Jambo lililonivutia zaidi ya yote lilikuwa karatasi. Kila kreti kubwa ya mbao ilibandikwa karatasi yenye namba ya shamba na tarehe ya kuvunwa, kwa hiyo kiazi kilipofika mbele yangu kilikuwa bado kina kwao. Karatasi hiyo iliishia kwetu. Mfuko uliokwenda dukani ulikuwa na picha ya jua linalochomoza na jina la kampuni.

Mwishoni mwa Mei niliomba kwenda shambani siku ya mapumziko kutazama upandaji. Viazi vya mbegu huwa vimefukiwa tangu Machi, na marando yanapochipua hukatwa na kupandwa kati ya Mei na Juni. Trekta huvuta mashine ya kupandia, lakini juu ya mashine hiyo huketi watu wanaoilisha miche kwa mikono, mche baada ya mche, kutwa nzima, migongo ikiwa imeinama na vumbi likiwapanda usoni. Wakati wa mavuno, kuanzia mwishoni mwa Agosti, plau hufukua tuta na kuvigeuza viazi juu, kisha hufuata watu wenye ndoo, kwa maana viazi vya kuuzwa vibichi madukani huokotwa kwa mikono. Ngozi ya kiazi kichanga ni nyembamba mno, na mchubuko mmoja hukishusha daraja. Niliona matembele ya kutosha kulisha kata nzima yakikatwakatwa na kuachwa yaozee mashambani, na nilipoomba kuchuma mafungu mawili, msimamizi alinitazama kama niliyeomba kula nyasi.

Waokotaji wengi walikuwa wanaume kutoka Meksiko, waliokuja kwa viza ya kilimo cha msimu iitwayo H-2A. Sheria inamtaka mwajiri wao awape makazi bila malipo na kuwahakikishia angalau robo tatu ya saa za kazi zilizoandikwa kwenye mkataba. Mmoja wao, mtu wa makamo ambaye alikuwa na msimu wa tisa pale, alinieleza kwa Kiingereza chake na changu, vyote vikichechemea, kwamba katika miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuketi kwenye mlo wa Sikukuu ya Shukrani. Kwa kawaida siku hiyo humkuta bado yuko shambani, au ndani ya basi akirejea kwao.

Kuhusu bata mzinga nilijifunza machache, lakini hayo machache hayajanitoka. Kaunti za Sampson na Duplin zinafuga ndege hao kwa wingi mkubwa, na mmoja wa wafugaji alikuwa akisali nasi. Alinionyesha banda akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu mgeni haruhusiwi kuingia na viatu vilivyokanyaga kwingine, kwa hofu ya magonjwa. Vifaranga huletwa wakiwa na umri wa siku moja, na wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 35 hivi, kwa hiyo mtambo wa joto ukizimika usiku, simu ya mfugaji hulia naye hukimbia akiwa na nguo za kulalia. Majike huwa tayari baada ya majuma 12 hadi 14, madume baada ya majuma 18 hadi 20. Mabanda ni yake, na deni la benki la kuyajenga ni lake. Vifaranga, chakula na bata wenyewe ni mali ya kampuni. Nilimuuliza, nikidhani ni swali la mzaha, kama huwa anamchagua mapema yule atakayeliwa kwake Alhamisi ya nne ya Novemba. "Wa kwangu namnunua dukani," alijibu, "kama wewe."

Ni ajabu kwamba mambo yamefika huko, kwa kuwa chimbuko la sikukuu yenyewe ni shamba. Mlo unaokumbukwa wa mwaka 1621 huko Plymouth ulikuwa karamu ya mavuno ya walowezi ambao, bila Wawampanoag, wenyeji asilia wa pale, kuwafundisha kupanda mahindi na kuyawekea samaki kama mbolea, huenda wasingekuwa na cha kuvuna. Kranberi nayo ilikuwa ikichumwa porini na wenyeji wa bara lile muda mrefu kabla ya kupandwa katika mabwawa ya Wisconsin, ambako sasa hutoka zaidi ya nusu ya mavuno ya nchi. Abraham Lincoln alipoitangaza siku ya kitaifa ya shukrani mwaka 1863, tangazo lake lilianza kwa kutaja mashamba yenye rutuba. Sijui mashamba yaliachwa njia panda ipi.

Kimbunga Florence kilitua karibu na Wilmington asubuhi ya tarehe 14 Septemba 2018. Upepo wake ulikuwa umepungua kabla ya kufika nchi kavu, na baadhi yetu tulipumua, lakini wenyeji hawakupumua. Kimbunga kile kilitembea polepole kama mgonjwa, kikamwaga mvua siku baada ya siku mahali palepale. Elizabethtown, katika kaunti jirani ya Bladen, ilipata karibu milimita 900 za mvua, yaani zaidi ya ile ambayo Gairo huipata kwa mwaka mzima. Miaka miwili ilikuwa haijatimia tangu kimbunga Matthew cha Oktoba 2016 kizamishe mashamba yaleyale. Mamilioni ya kuku na bata mzinga walikufa maji mabandani katika jimbo zima. Mfugaji wa kanisani kwetu alinusurika kwa upande wa maji, lakini barabara zilikatika na lori la chakula halikuweza kumfikia, akawa anawagawia bata wake chakula kwa mikono kama wakati wa njaa.

Viazi vilikuwa ndani ya ardhi, mavuno yakiwa yameanza tu. Mtu asiyelima anaweza kudhani kwamba kitu kilichofukiwa kimesitirika. Kiazi hupumua, na udongo ukijaa maji, kiazi hukosa hewa kikafa kabla ya kuchimbwa, bila kubadilika sura. Tulilijua hilo kwa pua. Mashamba yalipokauka kiasi cha kuingilika, waokotaji waliingia kwenye matope yaliyowafika karibu na magoti, wakavileta viazi vilivyoonekana vizima kabisa, vikawekwa kwenye chumba cha joto kama ada, na baada ya siku chache ghala likajaa harufu ya pombe iliyochacha. Ungekigusa kiazi chenye ngozi nzuri ya daraja la kwanza, kidole kikazama. Tulivitenga kwa wiki kadhaa, kreti baada ya kreti, na kila kreti ilikuwa na karatasi yake, kwa hiyo tuliweza kujua shamba la nani ndilo lililokuwa likienda jalalani. Yako makreti ambayo mwenye shamba alikuja mwenyewe kuyatazama. Alisimama, akaisoma karatasi, akaondoka bila kusema neno, na sisi wa kwenye mkanda hatukujua tumwambie nini.

Wale wa ndoo ndio nilioshindwa kabisa kuwasahau. Kwa siku nyingi baada ya mvua hapakuwa na kazi wala njia ya kutoka makambini kwao, na kazi iliporudi ilikuwa nzito maradufu, kwa maana ndoo iliyokuwa ikijaa kwa hatua chache sasa ilitaka kutembea tuta zima ukitupa vibovu. Yule mtu wa msimu wa tisa aliniambia kwamba mwaka huo angerudi nyumbani mapema. Hakuongeza neno, nami nilimwelewa, kwa sababu nimekulia katika nyumba ambayo baba alikuwa akirudi mapema kutoka mnadani katika miaka mibaya.

Tarehe 22 Novemba 2018 tuliketi tena kwenye meza ileile ya wale wazee wawili. Safari hii viazi nilivileta mimi, kutoka ghalani, nikijua namba ya shamba vilikotoka: kipande cha mwinuko ambacho maji hayakukaa. Mmoja wa wageni alikuwa amesoma gazetini matokeo ya uchunguzi wa bei ambao Shirikisho la Ofisi za Wakulima la Marekani huufanya kila mwaka tangu 1986. Mlo wa sikukuu wa watu 10, alitusomea, mwaka huo uligharimu dola 48.90, umeshuka kutoka dola 49.12 za mwaka uliotangulia, na ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa kushuka. Watu walifurahi, na sioni kosa kufurahi. Katika nyumba nyingi senti hizo zina kazi. Lakini mimi pua yangu ilikuwa bado ina harufu ya ghala. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo hukokotoa kwamba katika kila dola moja ambayo Wamarekani hutumia kwa chakula kilichozalishwa nchini mwao, fungu la mkulima ni senti 15 hivi, na zilizobaki huenda kwa wasindikaji, wasafirishaji, wauzaji na wengineo. Kimbunga kilikuwa kimepita juu ya mashamba yaleyale yaliyoilisha meza ile, na bei ya meza ilikuwa imeshuka. Basi hasara ilikuwa imekaa mahali fulani, na mahali hapo si dukani.

Zamu yangu ya kushukuru ilipofika nilieleza hayo kwa ufupi, nikiogopa kuwaharibia watu chakula. Nilitaja mwinuko, matope, ndoo, na mtu mmoja aliyerudi kwao mapema. Palipita kimya cha aina ile inayomfanya mgeni ajute kufungua mdomo. Kisha yule mzee mwenye nyumba aliuliza shamba lile la mwinuko liko upande gani wa barabara, na nilipomweleza, alisema amelipita kila Jumapili kwa miaka 30. Hakula mara moja. Mkewe, Mungu ambariki, hakuwa ametia sukari mwaka ule.

Nilipomsimulia mama, hakuvutiwa sana na bei. Aliuliza kama wale waokotaji walilipwa kwa zile siku za mafuriko, nikamwambia ninachokijua, kwamba mkataba unawalinda kwa sehemu. Alinyamaza, halafu akasema: "Uliwashukuru. Pole uliwapa?" Nikagundua kwamba sikuwapa, na sababu yake ilikuwa ya kijinga: sikujua niitamke vipi. Kwetu, mtu akipita na kumkuta mwenzake shambani, hamshukuru, kwa kuwa bado hajala chochote chake. Humwambia "Pole na kazi." Shukrani huja baadaye, chakula kikishafika, na aliyekwisha kutoa pole anapotoa shukrani huwa anajua anashukuru nini. Kwa Kiingereza, pole ukiigeuza kuwa kuomba radhi, inakuwa kana kwamba umefanya kosa. Ukiigeuza kuwa pongezi, uzito wote unadondoka.

Mwezi Machi 2019 matrekta yalianza tena kufukia viazi vya mbegu. Siku moja baada ya zamu nilimkuta mwenye shamba, yuleyule aliyekuja ghalani kusoma karatasi, amesimama kando ya matuta akitazama plastiki ikitandazwa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole na kazi." Alitaka kujua maana yake. Nilimweleza kadiri nilivyoweza, kwamba ni neno tunalompa mtu tuliyemkuta kazini, nalo humwambia kwamba mzigo alioubeba umeonekana. Alifikiri kidogo, akauliza huwa linajibiwaje. Nilimwambia kwamba unaweza kujibu "Asante," au ukasema "Nimeshapoa," maana yake kwamba uchungu umetulia.

Alijaribu kulitamka neno lile la pili mara mbili. Kisha aliniuliza kama ni lazima mtu aseme kwamba amepoa hata kama bado. Nikamwambia si lazima.